Siku ya Nne ya Mgeni



Methali ya wahenga yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno jema, nasi twalipenda. Lamheshimu mgeni kwa kuwa lataka kwanza apumzike, ale, alale, miguu iache kumwuma. Tena lamheshimu kwa namna ya pili, kwa kuwa halimwachi akae barazani kama mgonjwa, bali lamwona kuwa mtu mwenye mikono. Lakini methali hiyo yakomea hapo. Haisemi neno juu ya siku ya nne, wala juu ya mwaka wa kumi, wala juu ya watoto watakaozaliwa na mgeni yule katika nyumba aliyojijengea. Akiisha kulima, mavuno ni ya nani? Akifa, atazikwa wapi? Na wazee wakikaa kuamua mambo ya kijiji, ataketi pamoja nao, ama atasimama nje, yeye na wajukuu wake?

Maswali hayo si ya bure. Katika nchi yetu yamekwisha kumwaga damu, nanyi mwayajua kuliko niwezavyo kuandika. Lakini mtu hawezi kukitazama vema kidonda kilicho mgongoni mwake mwenyewe. Hukiona upesi zaidi kile cha mwenzake. Kwa hiyo leo nawaletea habari za watu wa mbali, waliovuka bahari zaidi ya miaka 170 iliyopita. Tukiisha kuzitazama habari zao, kila mtu atarudi kwake na macho yake.

Ayalandi ni kisiwa cha Ulaya, upande wa magharibi wa Uingereza. Watu wake wengi ni Wakatoliki tangu zamani za Mtakatifu Patrisi. Katika karne ya 19 walitawaliwa na Waingereza, na sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mikononi mwa mabwana wachache. Maskini walikodi vipande vidogo tu, na katika vipande hivyo walipanda viazi vya kizungu, kwa kuwa hawakuwa na zao jingine liwezalo kulisha jamaa nzima katika shamba dogo namna ile. Mwaka 1845 majani ya viazi yakaanza kuwa meusi, na viazi vyenyewe vikaoza udongoni. Wakulima wa milima ya Kivu wanaujua ugonjwa huo mpaka leo. Kule ukarudi tena na tena. Kabla ya njaa hiyo Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Hata ulipofika mwaka 1852, kama milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni 1 walikuwa wamekwenda ng'ambo. Na katika miaka ile ile nafaka na mifugo iliendelea kutoka katika bandari za Ayalandi ili iuzwe Uingereza. Asiyeweza kulipa kodi ya shamba alifukuzwa, na mara nyingi nyumba yake ikabomolewa mbele ya macho yake, asipate kurudi.

Kijana alipokuwa tayari kuondoka, jamaa na majirani walikesha pamoja naye usiku kucha. Walikula, wakacheza, kisha wanawake wakalia kama waliavyo mbele ya maiti. Mkesha huo waliuita kwa jina lile lile la mkesha wa wafu, maana wazazi walijua kwamba hawatauona tena uso wa mwana wao. Asubuhi alikwenda zake bandarini.

Merikebu nyingi zilizowachukua zilikuwa za kubeba magogo: zilileta mbao Ulaya kutoka Kanada, na badala ya kurudi tupu zilijazwa watu. Safari ilidumu majuma 6, pengine na zaidi. Watu walisongamana chini, tumboni mwa merikebu, bila hewa, maji yakiwa haba na machafu. Na chawa walikuwa wengi. Chawa hao walileta homa kali iitwayo tifusi. Mwaka 1847 ulikuwa mbaya kupita yote. Katika mto Saint-Laurent, kabla ya kuufikia mji wa Quebec, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Grosse Île, ambapo tangu mwaka 1832 serkali ilikuwa na kituo cha kuwazuia wasafiri wagonjwa wasiingie nchini. Mwaka ule merikebu zilipanga mstari mtoni zikingoja zamu, na ndani yake wazima walilala ubavuni pa wafu. Watu zaidi ya 5,000 walizikwa katika kisiwa hicho.

Hapa lazuka swali la kwanza, nalo ni gumu. Je, kijiji chapaswa kumpokea mgeni aletaye ugonjwa? Mwenye nyumba ana watoto. Nao pia Mungu amempa awalinde. Mimi naona hivi: kumtenga mgonjwa ili ugonjwa usienee si dhambi, na walioweka kituo kile kisiwani hawakukosa kwa kukiweka. Dhambi ni kumtenga bila maji, bila chakula, bila mtu wa kumfunga macho. Mpaka waweza kuwekwa, lakini lazima apatikane mtu wa kuuvuka.

Nao walipatikana. Mapadri zaidi ya 40 walikwenda Grosse Île kwa zamu mwaka ule, na kadha wao wakafa. Katika mji wa Montreal wageni walilazwa katika mabanda ya mbao kando ya mto, na masista waitwao Masista wa Kijivu wakaingia humo, wakawabeba wagonjwa mikononi. Wengi wao wakaugua, wengine wakafa. Askofu Michael Power wa Toronto, aliyewazungukia wagonjwa yeye mwenyewe, alikufa tarehe 1 Oktoba 1847. Mkubwa wa mji wa Montreal, John Easton Mills, hakuwa Mkatoliki; naye aliwahudumia wagonjwa mabandani, akaambukizwa, akafa mwezi wa Novemba. Namtaja makusudi, kwa sababu wako miongoni mwetu wadhanio kwamba huruma ni mali ya waliobatizwa peke yao.

Wakabaki yatima. Mapadri wakawaomba Wakristu wa vijiji vya Quebec, wakulima wasemao Kifaransa, wawachukue watoto wale waliosema Kiingereza au Kiayalandi. Watu wakaja na magari ya farasi, wakawachukua. Si wote waliopata kuwa wana. Wengine walichukuliwa kwa ajili ya kazi za shamba tu, na hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Lakini wengi walilelewa kama watoto wa nyumba, tena wakaachiwa majina ya baba zao waliokufa. Mpaka leo wako katika nchi ile watu wasemao Kifaransa tangu vizazi vingi, na ukiwauliza jina, watakutajia jina la Ayalandi. Fikirini jambo hilo kidogo. Yule mkulima alimpa mtoto mgeni chakula chake, lugha yake, dini ile ile na sehemu mezani, lakini hakumtaka amsahau aliyemzaa. Kwetu wako walezi wasemao: Nimekulisha, basi uitwe kwa jina langu, na ukoo wako usitajwe tena katika nyumba hii. Mkulima yule hakuona kwamba jina la marehemu lampunguzia kitu.

Hayo yote ni mambo ya siku mbili za kwanza. Sasa tutazame siku ya jembe. Na kwa hiyo tuvuke mpaka tuingie Marekani, katika mji wa New York, kwa maana Waayalandi wengi zaidi walishukia huko.

Mgeni alipokanyaga gati alifurahi kusikia mtu akimwita kwa lugha ya kwao. Mtu yule alimchukulia mzigo, akampeleka katika nyumba ya kulala, akamwambia bei moja leo na nyingine kesho, akamwuzia tikiti ya safari isiyofaa kitu. Wengi wa matapeli hao walikuwa Waayalandi wenyewe, waliotangulia miaka michache tu. Hata ilipofika mwaka 1855, wakubwa wa New York walifungua mahali maalum pa kuwapokea wageni, paitwapo Castle Garden, ili matapeli wasiwafikie. Lishikeni akilini jambo hili la mgeni wa jana kumwibia mgeni wa leo. Tutalikuta tena mbele, likiwa baya zaidi.

Makao yao yalikuwa vyumba vya chini ya ardhi, ambamo mvua iliingia, ama chumba kimoja juu, jamaa mbili zikigawana kwa pazia. Wanaume walichimba mifereji, walitandika reli, walipakua mizigo bandarini. Kazi ilikuwa ya kutwa: pasipo kazi siku ile, hapakuwa na mshahara. Wasichana waliingia katika nyumba za matajiri kuwa watumishi na wapishi. Msichana aliyekulia mbele ya moto wa mboji na chungu kimoja cha viazi alijikuta mbele ya jiko la chuma, na sahani za namna nyingi asizozijua majina, na bibi mwenye nyumba akimcheka kwa jinsi asemavyo. Alijifunza. Aliweka akiba senti kwa senti, na akiba hiyo ilivuka bahari kwenda kumlipia nauli ndugu yake mdogo. Naye alipofika akamlipia wa tatu. Hivyo jamaa nzima zilivutwa ng'ambo, mmoja baada ya mwingine, kwa mshahara wa msichana wa jikoni. Mwaka 1850 ilifunguliwa New York benki ya akiba kwa ajili ya watu hao, kwa msaada wa Askofu Mkuu John Hughes. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni: alifika kutoka Ayalandi mwaka 1817, na alipoomba kuingia seminari alikataliwa kwanza, akapewa kazi ya kutunza bustani ya seminari hiyo. Huyo alipewa jembe kweli kweli. Baadaye wakamfungulia mlango, akapata upadri.

Basi jembe walipewa. Nchi ilihitaji mikono, nayo ikaipata kwa bei ndogo. Tatizo lilianza siku ya nne. Waayalandi walipotaka kujenga makanisa, walipotaka watoto wao wasilazimishwe kusoma shuleni Biblia ya Waprotestanti, walipotaka kupiga kura, ndipo wenyeji wengi walipokasirika. Hata kabla ya njaa kubwa, mwezi wa Mei mwaka 1844, katika mji wa Philadelphia, kundi la watu lilichoma makanisa mawili, la Mtakatifu Mikaeli na la Mtakatifu Augustino. Miaka kumi baadaye chama kizima cha siasa kilipata nguvu kwa kudai kwamba mgeni angoje miaka 21 kabla ya kupata haki ya mwananchi. Miaka 21! Mtoto aliyezaliwa siku babaye alipofika angekuwa mtu mzima mwenye ndevu, na babaye angali mlangoni. Tena waliodai hivyo walikuwa wajukuu wa watu waliofika kwa merikebu, kama wale wale waliowafungia mlango.

Mtu ataniuliza: Je, mwenyeji hana haki? Anazo haki. Mgeni apaswa kutii sheria ya nchi, kujifunza lugha yake, kutodharau desturi za waliompokea, kutosogeza mpaka wa shamba usiku. Kanisa halifundishi kwamba mgeni ni malaika. Lakini kumpa mtu jembe siku ya tatu, na kumnyima mavuno siku ya nne, ni kumfanya mtumwa kwa maneno ya upole. Atakayempa mtu jembe, ajue siku ile ile kwamba amempa na sehemu ya udongo wa kulimwa, na sehemu ya neno katika baraza, na kaburi. Kama hataki kumpa hayo, afadhali amwambie ukweli mlangoni, kabla jasho la mgeni halijaanguka katika shamba lake.

Yafaa pia kumkumbuka Yosefu Mtakatifu. Alikimbilia Misri usiku pamoja na Mtoto na mama yake. Injili haituambii nani alimpa kazi ya kwanza kule, wala nani alimwonyesha Bikira Maria kisima. Lakini walikula, wakaishi mpaka wakarudi kwao. Basi yuko Mmisri aliyefanya hayo, naye hakujua ni nani amemtekea maji. Mwaka 1952 Baba Mtakatifu Pius XII aliandika barua kuu juu ya watu wahamao, akaiweka Familia Takatifu katika Misri kuwa mfano na kimbilio la wakimbizi wote.

Sasa nafika mahali ambapo habari hii yachoma, na ambapo ningeweza kunyamaza kama ningetaka kuwasifu Wakatoliki tu.

Mwaka 1863 Marekani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, na serkali ikatoa sheria ya kuwaandikisha watu jeshini. Tajiri aliweza kulipa dola 300 akabaki nyumbani. Maskini hakuwa nazo. Tarehe 13 Julai makundi ya watu yaliondoka kwa hasira katika New York, na wengi wao walikuwa Waayalandi. Hasira yao ilikuwa na sababu, kwa maana sheria ile ilikuwa ya dhuluma. Lakini hawakuishia kuwapiga waliotunga sheria. Waligeuka wakawapiga watu weusi wa mji, ambao walikuwa maskini kama wao na waligombania kazi zile zile za bandari. Watu hao walikuwa wana na wajukuu wa watumwa. Na baadhi ya babu zao walichukuliwa kutoka pande za mto wetu huu wa Kongo. Wengine walinyongwa kwenye nguzo za taa. Fujo ilidumu siku 4, na watu zaidi ya 100 wakafa. Siku ya kwanza kundi lilichoma nyumba ya yatima weusi. Watoto 233 walikuwa ndani; walezi wao wakawatoa kwa mlango wa nyuma, wote wakapona.

Yatima! Miaka 16 tu ilikuwa imepita tangu yatima wa Ayalandi walipochukuliwa na wageni huko Quebec na kuketishwa mezani. Twawezaje kulielewa jambo hilo? Wako wasemao kwamba mateso humfundisha mtu huruma. Mimi sikubali. Mateso peke yake hayafundishi kitu. Mtu aliyeona njaa aweza kuwa mwenye kugawa, tena aweza kuwa mwenye kuficha chakula chini ya kitanda hata kufa kwake. Njaa ni ile ile. Mtu aliyesimama nje ya mlango, akiisha kuingia, mara nyingi huwa wa kwanza kuushika mlango kwa bega, kwa kuwa yeye ajua jinsi nje kulivyo baridi. Na katika siku zile zile za Julai askari wengi wa mji waliopigana na makundi hayo, wakapigwa mawe kwa ajili ya kuwalinda watu, walikuwa Waayalandi vile vile. Walikuwa wa damu moja, wamepanda merikebu za namna moja, na kila mmoja alichagua njia yake.

Kwa sababu hiyo Mungu hakuwaachia Waisraeli wajifunze huruma kwa mateso ya Misri tu. Aliwaamuru wakumbuke. Katika Sheria ya Musa imeandikwa kwamba mtu akiisha kuirithi nchi na kuvuna, achukue kikapu cha malimbuko, asimame mbele ya kuhani, akiri kwa sauti kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, aliyeshuka ugenini pamoja na watu wachache. Angalieni saa iliyochaguliwa: si saa ya njaa, ni saa ya mavuno, kikapu kikiwa kimejaa, mtu akiwa ameanza kusema shamba langu, nchi yangu. Kisha aliamriwa afurahie mavuno hayo pamoja na mgeni akaaye kwake.

Wako waliofanya hivyo bila kuisoma Sheria ya Musa. Katika Marekani liko taifa la wenyeji wa asili waitwao Wachokto. Kuanzia mwaka 1831 serkali iliwaondoa katika nchi ya baba zao, ikawahamisha kwa miguu kwenda mbali magharibi, na maelfu wakafa njiani kwa baridi, njaa na ugonjwa. Mwaka 1847 walisikia kwamba katika kisiwa kimoja ng'ambo ya bahari watu wanafukuzwa nyumbani mwao na kufa kwa njaa. Walikuwa bado maskini. Wakachanga dola 170, wakazipeleka Ayalandi. Na Waayalandi hawakuisahau sadaka ile: mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowaua watu wengi wa mataifa ya Wanavajo na Wahopi katika Marekani, maelfu ya watu wa Ayalandi walituma fedha za kuwasaidia, wakisema kwamba wanalipa deni la Wachokto. Palikuwa pamepita miaka 173.

Waulizeni wazee wenu, jioni moja wakiwa wametulia, ukoo wenu ulitoka wapi. Karibu kila ukoo una habari ya safari: watu waliovuka ziwa, walioshuka mlima, waliokimbia vita au walioifuata ardhi njema. Kisha waulizeni jambo la pili, ambalo husimuliwa mara chache zaidi: mlipofika, ni nani alikuwa hapa, naye alitupa nini?

Mwaka 1859 wafanyakazi walikuwa wakijenga daraja kubwa la Victoria juu ya mto Saint-Laurent, pale Montreal. Wengi wao walikuwa Waayalandi, wamekuja na mikono yao tu. Mahali pale pale ndipo palipokuwa mabanda ya mwaka 1847, na katika udongo ule walilala watu kama 6,000. Wafanyakazi hawakutaka makaburi yale yapotee chini ya reli. Walitoa mtoni jiwe moja jeusi, zito kama tani 30, wakalisimamisha mahali pale, wakaandika juu yake kwamba wamefanya hivyo ili mifupa ya wageni wale isinajisiwe. Jiwe hilo liko hapo mpaka leo, katikati ya barabara, na magari yapita pande zote mbili.